Kompyuta ya komite ina Linux, programu inakataa kufunguka: tufanye nini?



Katika ziara zetu kambini kuna swali linalotufuata kila mahali. Katibu wa komite, au kijana anayetunza kompyuta, anatuvuta pembeni na kusema: "Tulipewa kompyuta yenye Linux, tukapewa na programu ya orodha, sasa programu haifunguki. Tunabonyeza, duara linazunguka, halafu kimya." Zamani tulikuwa tunajibu kwamba hayo ni mambo ya mafundi wa mjini, sisi kazi yetu ni amani. Leo hatujibu hivyo tena, na tutawaeleza sababu.

Mwaka 2023, katika kambi moja ya mkoa wa Ituri, jamii mbili ambazo zilikuwa zimepigana zilikuwa zikiishi pamoja, kila moja upande wake wa barabara. Orodha ya kaya zote ilikuwa ndani ya kompyuta moja ya komite, katika programu ya kusoma alama za vidole ambayo kambi iliipata kwa mfadhili. Kompyuta ilikuwa imezeeka na imekuwa nzito. Katibu akaipeleka mjini kwa fundi, peke yake, kwenye pikipiki. Fundi akaweka Ubuntu mpya, akaacha hati zote mahali pake, akalipwa, kompyuta ikarudi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Juma lililofuata ilikuwa siku ya kugawa turubai. Watu walipanga mstari tangu alfajiri na jetoni zao mkononi. Katibu akabonyeza alama ya programu mara moja, mara mbili, mara kumi. Hakuna kitu. Kufikia saa sita mchana maneno yalikuwa yamevuka barabara: katibu ni wa upande ule, alikwenda mjini peke yake, amefuta majina ya upande wetu. Jioni mawe yakarushwa kwenye kibanda cha komite. Mzee mmoja wa upande uliolalamika ndiye aliyesimama mlangoni na kuwazuia vijana wake, vinginevyo tungekuwa tunaandika habari nyingine leo. Ugawaji ulisimama siku nne, na mvua ya msimu ilikuwa imeanza.

Tulipofika na mwenzetu anayejua Linux, tatizo lilichukua dakika arobaini, pamoja na kutafuta mtandao wa simu. Hakuna jina hata moja lililokuwa limefutwa. Kilichokosekana ni faili moja ndogo ambayo programu ile inaihitaji ili ianze kusema na kompyuta. Hii ndiyo sababu tunataka leo kila komite iwe na watu wawili au watatu wanaojua kuiuliza kompyuta: wewe, unakataa nini?

Linux na programu zilizofungwa

Linux ndiyo mfumo unaoendesha kompyuta yenyewe, kama Windows inavyofanya kwenye mashine nyingine. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi huko Finland. Ubuntu ni aina moja ya Linux, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno ambalo sisi huku tunalisikia vizuri bila mkalimani: utu. Hadi mwaka 2011 walikuwa wakituma CD zao bure mpaka nchi za mbali.

Baadhi ya mashirika yanaweka Ubuntu kwenye kompyuta za kambi kwa sababu mbili. Haina ada ya leseni, na virusi vinavyotembea kwenye flashi (kle) kutoka saibakafe moja hadi nyingine vimetengenezwa karibu vyote kwa ajili ya Windows. Tuliwahi kupoteza kumbukumbu za mikutano ya miezi mingi kwa flashi moja tu. Hatujarudi nyuma.

Lakini juu ya Linux watu huweka programu za aina mbili. Kuna programu huria, kama LibreOffice ya kuandika na kuhesabu, ambayo siri yake ya ndani iko wazi: fundi yeyote anaweza kuifungua, kuitengeneza upya ilingane na mfumo mpya, na kuwapa wengine. Na kuna programu zilizofungwa, zenye mwenyewe: Google Chrome, Zoom, programu nyingi za alama za vidole na za kuchapa kadi. Hizi mnapewa zikiwa zimeshapikwa. Huwezi kuona kilichomo, huwezi kuzipika upya. Mwenyewe akisema "sitengenezi tena kwa mashine za zamani", imekwisha. Google ilifanya hivyo mwezi wa tatu 2016, ikaacha kutoa Chrome kwa Linux za biti 32.

Kwa hiyo mfumo unasonga mbele kila mwaka, na programu iliyofungwa inabaki pale mwenyewe alipoiacha. Matatizo mengi ya kutofunguka yanatoka kwenye pengo hilo, wala si kwa mtu aliyefanya ubaya.

Kwanza, iacheni iseme

Ukibonyeza alama ya programu kwenye uso wa kompyuta na ikashindwa, mara nyingi haisemi lolote. Malalamiko yake yanapotea hewani. Ili uyasikie, lazima uiwashe kupitia terminali, yaani lile dirisha la kuandikia amri. Bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja, litafunguka. Kisha ingia kwenye folda ya programu na uiite kwa jina lake. Tuseme folda inaitwa orodha na programu yenyewe inaitwa orodha:

cd ~/orodha
./orodha

Nukta na mkwaju mbele ya jina ni lazima. Maana yake ni "ile iliyo hapa hapa". Wenye klavye ya Kifaransa wakumbuke kwamba nukta na mkwaju vyote vinataka Shift. Tena, kama mfumo umewekwa kwa klavye ya Kiingereza huku vitufe ni vya Kifaransa, herufi A inatoka Q, na neno la siri litakataliwa hata kama unalijua kama jina la mtoto wako. Tumeona watu wakifungiwa nje ya kompyuta yao kwa hilo tu.

Sasa soma kinachotokea. Nakili sentensi hiyo kwenye daftari herufi kwa herufi, au ipige picha kwa simu. Usiandike "imekataa". Sentensi hiyo ndiyo ushahidi, na ni vizuri isomwe mbele ya watu wa pande zote, kwa sauti, kama inavyofanyika kwenye kikao. Kule Ituri, kusoma huko mbele ya wazee wanne kulituliza kambi kabla hata ya kutengeneza chochote, kwa sababu watu waliona kwamba kompyuta inalalamikia faili, haisemi habari za majina.

"Faili haipo", wakati tunaiona kwa macho

Kompyuta ya kambi ile ilijibu hivi: "No such file or directory". Kwenye mfumo wa Kifaransa inaanza na "Aucun fichier ou dossier". Yaani, hakuna faili kama hiyo. Kijana aliyekuwa akiandika akashtuka: mbona faili iko hapa, ninaiona! Na ni hapo ambapo mtu mwenye wasiwasi angesema, mmeona, wamefuta.

Maana yake ya kweli ni hii. Programu inapoanza kwenye Linux, kwanza inamwita mkalimani wake, faili ndogo ya mfumo inayoipakia na kuiunganisha na vifaa vingine. Programu za biti 32 zinamwita mkalimani mmoja, za biti 64 zinamwita mwingine. Fikirieni kikao cha upatanisho ambapo mzee amefika na ameketi, lakini mkalimani wake hakuja. Katibu mvivu anaandika: "Mzee hayupo." Mzee yupo, asiyekuwepo ni mkalimani. Ubuntu zilizotoka tangu mwaka 2023 zina katibu mwenye akili kidogo, zinaandika "cannot execute: required file not found", yaani faili inayohitajika ndiyo haikupatikana.

Kompyuta ile ilikuwa na Ubuntu ya mwaka 2016 ya biti 32, na programu ya orodha nayo ilikuwa ya biti 32, zikasikilizana miaka yote. Fundi wa mjini aliweka Ubuntu mpya ya biti 64. Hakukosea. Ubuntu yenyewe iliacha kutoa CD ya kawaida ya biti 32 mwaka 2017, hangeweza kuipata mpya hata angetaka. Lakini mkalimani wa zamani akaondoka pamoja na mfumo wa zamani, na hakuna aliyejua.

Ili kuhakikisha, andikeni:

file orodha
uname -m

Amri ya kwanza inaeleza programu ni ya namna gani. Ukiona "ELF 32-bit" unajua ni ya zamani. Ya pili inaeleza mfumo. "x86_64" maana yake ni biti 64. Zikitofautiana hivyo, mmepata mkosaji. Dawa ni kuruhusu mfumo upokee vifaa vya biti 32, kisha kumleta mkalimani na mwenzake mmoja ambaye programu nyingi humhitaji:

sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install libc6:i386 libstdc++6:i386

Neno sudo linamaanisha unafanya kwa mamlaka ya mwenye mashine, na litaomba neno la siri. Wakati unaliandika huenda usione hata nyota moja kwenye dirisha, msiogope, linaingia. Hapa mnahitaji intaneti. Sisi tuliunganisha simu kwa waya na kutumia mega zake. Mara nyingi ile amri ya apt update ndiyo inayokula mega kuliko vifaa vyenyewe, kwa hiyo msianze na salio la mwisho.

Baada ya hapo programu yetu iliacha kusema faili haipo, ikaanza kutaja majina: "error while loading shared libraries", halafu jina la kifaa kilichokosekana. Hiyo ni hatua mbele, ingawa watu waliona ni kosa lingine. Mkalimani amefika na sasa anataja nani wengine hawajafika. Linux inaita vifaa hivyo maktaba. Programu nyingi hutumia maktaba moja kwa pamoja, kama majirani wanavyotumia kinu kimoja. Badala ya kusubiri zitajwe moja moja, ombeni orodha yote:

ldd orodha | grep "not found"

Kila mstari utakaotoka ni maktaba isiyokuwepo. Kwetu zilikuwa tatu. Mmojawapo ulikuwa libX11.so.6, ambao unapatikana kwa kuandika sudo apt install libx11-6:i386. Jina la kifurushi halifanani sana na jina la maktaba, na hapa ndipo wengi wanakwama. Kuna msaidizi anayeitwa apt-file: ukishamweka kwa apt na kuandika sudo apt-file update, unamuuliza apt-file search libX11.so.6 naye anakutajia kifurushi. Msisahau kuongeza :i386 mwishoni, maana bila hiyo mtaletewa maktaba ya biti 64, ambayo pengine mnayo tayari, na programu itaendelea kulalamika vilevile.

Alama ikabonyezwa, dirisha likafunguka, kaya zote zikaonekana. Mzee aliyesimama mlangoni siku ya mawe ndiye tuliyemwomba ataje jina la kwanza la kutafuta. Akataja la jirani yake, si lake.

Sababu nyingine tulizokutana nazo

Ruhusa. Ukisoma "Permission denied", au "Permission non accordée", tazama kwanza programu iko wapi. Kama mnaiendesha moja kwa moja kutoka kwenye flashi, mara nyingi Linux itakataa, kwa sababu flashi za kawaida haziwezi kutunza alama ya "hii inaruhusiwa kuendeshwa". Inakilini kwenye folda ya nyumbani ya kompyuta, kisha andikeni chmod +x orodha. Tumeona watu wakiandika chmod hiyo juu ya flashi mara ishirini bila faida.

Faili za .exe. Hizi zimetengenezwa kwa Windows. Linux haiwezi kuziendesha yenyewe, hata ukizipa ruhusa zote. Kuna programu huria iitwayo Wine, iliyoanza mwaka 1993, inayojaribu kuziendesha, na kwa programu nyepesi inaweza kufaulu. Kwa programu zinazosema na chombo cha nje, kama kisomaji cha alama za vidole, tusiwadanganye: mara nyingi inashindikana. Mtu akiwaletea msaada wa programu, mwulizeni siku hiyohiyo kama ni ya Linux, ya biti ngapi, na nani ataitengeneza mwakani. Kuuliza hivyo si utovu wa shukrani.

Saa ya kompyuta. Hii inatushangaza jinsi inavyosahaulika. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, mara nyingi ya aina ya CR2032, inayotunza saa wakati umeme haupo. Kompyuta zilizotumika Ulaya miaka kumi kabla ya kufika kwetu huwa na betri iliyokwisha. Umeme ukizimwa na betri kubwa ikiisha, inaamka ikidhani ni miaka mingi nyuma. Programu iliyofungwa inatazama leseni yake, inaona tarehe haieleweki, inajifunga. Kurasa nyingi za intaneti nazo zinakataa. Andikeni date, msome mwaka. Ukiwa wa uongo, usahihisheni kwenye mipangilio ya mfumo, na mtafute betri hiyo. Hata wanaotengeneza saa sokoni wakati mwingine wanayo.

Umeme kukatika. Jenereta ikizimika wakati Chrome iko wazi, inaweza kuacha alama ya kwamba bado iko kazini. Mkiiwasha tena inasema wasifu unatumiwa na Chrome nyingine, hasa kama jina la kompyuta limebadilishwa katikati. Hakikisheni kwanza kwamba hakuna Chrome inayoendelea, kwa kuandika pgrep chrome. Isipojibu kitu, futeni alama hiyo tu:

rm ~/.config/google-chrome/SingletonLock

Diski kujaa nako kunazuia programu kuanza, maana inashindwa kuandika hata mstari mmoja. Amri ya df -h inaonyesha. Ukiona 100% kwenye mstari unaoishia na mkwaju peke yake, tafuteni filamu za vijana kwanza kabla ya kugusa hati za komite.

Halafu kuna kesi iliyo kinyume cha ile ya Ituri: programu mpya kwenye mfumo wa zamani. Itasema "GLIBC_2.38 not found" au namba nyingine ya namna hiyo. Hiyo GLIBC ni msingi wa mfumo wote. Ubuntu ya 22.04 ina namba 2.35, ile ya 24.04 ina 2.39, kwa hiyo programu iliyopikwa kwa ile ya pili inaweza kukataa kwenye ile ya kwanza. Tafadhali, msichukue GLIBC mahali fulani kwenye intaneti na kuiweka kwa nguvu. Kompyuta yote inaweza isiwake tena. Ombeni toleo la zamani la programu, au mnakili hati zote kwanza na kuboresha mfumo mzima.

Mambo tunayoomba msifanye

Msiendeshe programu kwa sudo eti kwa sababu imekataa bila sudo. Inaweza kufunguka siku hiyo, lakini faili itakazoandika zitakuwa mali ya mkuu wa mfumo, na kesho mtumiaji wa kawaida hatafungua kitu. Waliokwisha kufanya hivyo warudishe umiliki: sudo chown -R $USER:$USER ~/orodha.

Msifute programu na kuiweka upya kabla ya kunakili folda yake mahali pengine. Programu nyingine zinatunza hati zenu ndani ya folda ileile. Mnadhani mnafuta chungu, kumbe mnamwaga na chakula.

Msichukue programu iliyovunjwa leseni kutoka kwa mtu wa saibakafe, hata akisema ni bure. Hamjui kilichowekwa ndani yake, na ndani ya kompyuta hiyo kuna majina ya watu, vijiji walikotoka na alama za vidole. Mnajua wenyewe orodha kama hiyo ikiangukia mikononi mwa wenye silaha inaweza kufanya nini. Kwa sababu hiyohiyo, kompyuta yenye orodha haiachwi kwa fundi usiku kucha. Fundi aje kambini, au watu wakae naye mpaka amalize.

Mapatano ya kambi ile

Baada ya siku zile nne, komite ilikaa siku mbili. Mazungumzo yalikuwa makali kuliko tulivyotazamia, maana katibu alikuwa ameumia moyoni na alitaka kuacha kazi. Upande wa pili ulimwomba radhi, lakini hawakukubali tena mtu mmoja abebe kompyuta peke yake, naye mwishowe akaona wana haki. Yaliyoandikwa ni haya: kompyuta haitoki kambini bila wajumbe wawili, mmoja kutoka kila upande wa barabara, na safari inaandikwa kwenye daftari. Kila Ijumaa programu inaamriwa kutoa orodha nje kwa namna ya CSV, ambayo ni maandishi ya kawaida yanayotenganishwa na alama ya mkato. LibreOffice inaifungua, na hata kihariri kidogo cha maandishi kinaifungua, kwenye kompyuta yoyote, bila leseni ya mtu. Kwa hiyo hata programu iliyofungwa ikifa kabisa, majina yanabaki na wenyewe. Alama za vidole hazitoki kwa njia hiyo, majina tu na namba za jetoni, na hilo pia lilijadiliwa.

Orodha inachapwa kila mwisho wa mwezi, wajumbe wa pande zote mbili wanatia sahihi kila ukurasa, na nakala mbili zinafungiwa katika sanduku mbili tofauti. Ufunguo wa sanduku la upande mmoja unakaa kwa mama mmoja wa upande mwingine. Wazo hilo halikutoka kwetu, lilitoka kwa akina mama wenyewe, na mwanzoni sisi tulilipinga tukidhani litaleta ugomvi.

Tangu hapo programu imegoma mara moja zaidi, kwa sababu ya ile betri ndogo ya saa. Siku hiyo walifungua masanduku, wakagawa sabuni kwa karatasi, na kompyuta ikatengenezwa jioni.

Kambi ambazo programu yao bado inakataa baada ya kujaribu haya, mwenzetu wa kompyuta atakuwa pamoja nasi katika kila ziara ya mwezi. Andaeni ile sentensi ya kosa mliyonakili, majibu ya file na uname -m, na nakala ya folda kwenye flashi iliyo safi. Chajini kompyuta usiku uliotangulia, maana mara mbili tumefika tukakuta jenereta haina mafuta. Na waje watu wa pande zote, hata wasiojua kusoma, waketi karibu waone kinachofanywa.